Usije Agosti, Njoo Machi

Kwetu Lindi, shamba huanza kwa kiberiti. Mvua zikikaribia, Oktoba hivi, kila kaya hufyeka vichaka vyake, huviacha vikauke, kisha jioni moja yenye upepo mdogo moto huwashwa. Kwa siku kadhaa kijiji kizima hunuka moshi, majivu hutua hadi kwenye nguo tulizoanika, na hakuna anayenung'unika, maana moshi ule ni dalili kwamba watu wako kazini. Nimekulia humo. Mama yangu alinifundisha kwamba shamba lisilochomwa halijasafishwa, nami nikawafundisha wanangu hivyo hivyo.

Lakini miaka ya karibuni shamba letu limechoka. Nilipoolewa, eka yetu ya mahindi ilitupa magunia 8 bila mbolea yoyote. Mwaka juzi tulipata 3, na mihogo tuliyochanganya humo ilitoka myembamba kama vidole vya mgonjwa. Udongo wenyewe ukiuchota unachuruzika mkononi kama mchanga wa ufukweni. Msimu mmoja nilijikaza nikanunua mbolea ya chumvichumvi. Mahindi yaliipokea, yakawa kijani cha kupendeza, kisha zikapita mvua kubwa mbili na ule ukijani ukaondoka nazo. Sikuelewa ulikwenda wapi, wala fedha yangu ilikwenda wapi.

Aliyenisikiliza nikilalama kwenye simu ni muuguzi mmoja, Mmatengo wa Mbinga, ambaye alipanga chumba nyumbani kwangu miaka minne alipokuwa kwenye zahanati yetu. Tulikuwa tunakula sahani moja, watoto wangu humwita mama mdogo. Akaniambia, "Dada, njoo kwetu uone tunavyolima." Nikamwambia nitakuja Agosti, nikishauza ufuta.

"Usije Agosti," akasema. "Agosti utakuta milima mikavu. Njoo Machi."

Machi kwetu ni mwezi wa palizi na wa kuwafukuza ngedere. Niliacha shamba mikononi mwa mume wangu, nikafunga mkoba.

Basi liliondoka Lindi kabla ya alfajiri. Mpaka Masasi nilikuwa mwenyeji: Mingoyo, kisha Ndanda chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, mikorosho kulia na kushoto. Masasi yenyewe nilikwishafika mara mbili msibani, na kila mara nimeishangaa ile milima yake ya mawe matupu, imesimama peke yake kwenye tambarare kama majahazi yaliyopwelewa. Kuanzia hapo kwenda magharibi kila kitu kilikuwa kipya kwangu. Nilikaa dirishani, sikusinzia hata kidogo, mpaka kijana niliyekaa naye akaniuliza kama namtafuta mtu.

Tunduru nilijisikia bado niko nyumbani, kwa sababu mikorosho ilikuwapo na watu walikuwa wanasalimiana kama sisi. Baada ya Tunduru barabara ikaingia msituni, miti ya miombo kilomita baada ya kilomita, na huku na huko kiraka cheusi ambapo mtu alichoma mwaka jana akalima. Viraka hivyo nilivielewa. Ni mwandiko wetu uleule. Kuelekea Namtumbo hewa ikabadilika, ikawa nyepesi na ya baridi, na abiria wakaanza kuvuta masweta kutoka kwenye mabegi. Mimi nilikuwa na kanga mbili. Tulifika Songea usiku, nikazivaa zote mbili na bado nililala nimejikunja.

Asubuhi, kabla ya basi la Mbinga, nilitembea mpaka kwenye makumbusho ya Maji Maji. Shuleni tulifundishwa mwanzo wa vita ile kama habari ya kwetu: mwaka 1905, vilima vya Matumbi upande wa Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Hapa Songea nilikutana na gharama yake. Februari 27, 1906, makumi ya Wangoni, wakiwamo wakuu wao, walinyongwa hapa. Nilisimama kwenye kaburi lao nikawaza kwamba vita ile yote ilianza shambani, kwa mtu kuambiwa alime nini na alime vipi. Wazo hilo nililibeba mpaka Mbinga, na huko likanirudia.

Kutoka Songea kwenda Mbinga ni mwendo wa saa mbili hivi. Barabara ni ya lami, inapanda na kushuka, inapinda kulia na kushoto, na baada ya Kigonsera milima inaanza kukaribiana. Mwenyeji wangu alinipokea kituoni na sweta mkononi, jekundu, la mumewe. Hakunipa nafasi ya kukataa. Tukapanda pikipiki mbili kuelekea njia ya Litembo, na hapo, kwenye kona moja, nikamwambia dereva asimame.

Nilichokiona ni bao. Siwezi kukieleza kwa namna nyingine. Ulikuwa mlima mzima, mkali kiasi kwamba kwetu hata mbuzi angeuzunguka badala ya kuupanda, nao umetobolewa mashimo safu kwa safu kutoka bondeni hadi kileleni, yote ya mraba, yote yanalingana, kama bao la kete ambalo fundi alianza kulichonga akasahau kuacha. Kati ya shimo na shimo kuna tuta, na juu ya kila tuta miche ya maharage imeanza kutoa majani. Ng'ambo ya bonde mlima mwingine ulikuwa hivyo hivyo, na nyuma yake mwingine.

"Ndiyo ngoro zenyewe," mwenyeji akasema. Wazee wao hutamka ngolo.

Pembeni ya bao lile palikuwa na shamba limevamiwa na majani hadi kifuani. Kwetu shamba la namna hiyo lina maana mbili tu, ama mwenyewe ni mvivu, ama ni mgonjwa wa kitandani. Nikauliza kwa upole, nisije nikaumiza mtu, "Mwenye hili anaumwa?"

Mwenyeji wangu akanitazama. "Hilo ni la mama. Limeiva."

Nilidhani sikusikia vizuri. Limeiva nini, na humo hakuna kitu ila magugu? Ndipo akanieleza, tukiwa bado tumekaa juu ya pikipiki. Mahindi ya shamba lile yalivunwa Julai na Agosti. Tangu hapo halikuguswa. Mvua za Novemba zilipoanza, nyasi ziliota, zikaachwa zinenepe Desemba, Januari na Februari, wakati kila mmoja ana kazi ya shamba lake la pili lenye mahindi. Sasa Machi nyasi zimefikia kimo, na mama yake amesubiri mwezi huu kama mimi ninavyosubiri korosho zidondoke. Nyasi ndizo mavuno ya kwanza ya shamba lile. Zinavunwa ili zilishe udongo.

Niliwaza viberiti vyote nilivyowasha tangu nilipokuwa msichana.

Siku ya pili niliamshwa na jogoo na ukungu. Bibi wa nyumba, mama yake mwenyeji wangu, alikuwa ameshatangulia shambani. Ana umri wa zaidi ya miaka 70 na anapanda ule mlima bila kushika goti. Nikampa shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, "umetoka baharini kuja kuona nyasi?" Akafurahi kweli kweli, na siku zote nilizokaa pale alinitambulisha kwa kila jirani kwa maneno hayo.

Wanaume walikuwa wamefyeka sehemu moja wiki mbili nyuma kwa nyengo, na nyasi zilikuwa zimekauka nusu. Siku hiyo zilikuwa zinapangwa. Zinakusanywa na kulazwa kwenye mistari inayoshuka mlima, kisha mistari mingine inalazwa ya kuikata ile ya kwanza, mpaka kilima kizima kinakuwa na miraba. Mimi ni mtoto wa pwani, nikaona jarife. Ulikuwa ni wavu wa papa uliotandazwa mlimani, macho yake mapana, kila jicho mita moja na nusu hivi, kamba zake ni mafungu ya nyasi yenye unene wa paja.

Halafu wanaume wakaondoka na kazi ikawa ya wanawake. Bibi akanikabidhi jembe. Unasimama ndani ya jicho la wavu na kuchimba katikati, udongo unaurusha pande zote nne juu ya nyasi mpaka zisionekane tena. Unamwaga mbegu za maharage juu ya tuta lililopatikana, kisha unachimba tena kidogo kuongeza kina cha shimo na kuzifunika mbegu kwa udongo huo. Shimo likikamilika unahamia jicho linalofuata. Kwa maelezo ni rahisi. Tuta langu la kwanza lilibaki na mabua yanachungulia kila upande kama nywele zilizosukwa vibaya.

"Funika yote," Bibi akasema. "Ikichungulia, itachipua."

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza mashimo manne na malengelenge matatu. Ya Bibi sikuyahesabu, ila yeye alikuwa mbali upande wa juu, na nyuma yake miraba imejipanga sawasawa bila kamba wala kipimo. Nilipotua jembe kupumzika, niliona kitu kwenye ukuta wa shimo langu la nne. Kulikuwa na mstari mweusi kwenye udongo, unene wa vidole viwili, kama ukingo unaobaki ndani ya kikombe cha kahawa. Nilipouchokonoa ulikuwa laini, unyevu, umejaa vizizi, na unanuka kama chini ya mwembe baada ya mvua. Bibi akashuka kuutazama. Hapo, akasema, palikuwa tuta miaka miwili iliyopita. Nyasi za wakati ule ndizo hizo. Kila wanaporudi kuchimba, mashimo mapya hutobolewa pale matuta ya zamani yalipokutana, ili udongo ulioshiba usambae, na palipokuwa shimo pawe tuta.

Niliufinyanga ule udongo mweusi kiganjani. Ukashikana, ukawa tonge. Wa kwetu haujawahi kushikana hivyo tangu niufahamu.

Usiku ule ilinyesha mvua ya kutisha. Bati lililia mpaka tukashindwa kuzungumza, na mimi nilikuwa na hakika kwamba kazi yetu yote imeteremka bondeni. Kwetu kwenye tambarare, mvua ya namna ile huchora mifereji shambani na kufukua mbegu, sembuse kwenye mteremko ambao mtu akiteleza anafikia mtoni. Kulipopambazuka nilitoka mbio, sweta jekundu juu ya gauni la kulalia. Kila shimo lilikuwa na maji yake, nusu bakuli, yametulia kimya. Matuta yamesimama. Maji yaliyozidi yalikuwa yanapenya taratibu chini ya tuta, kwenye zile nyasi zilizozikwa, kuelekea shimo la chini yake, kama watu wanaopokezana ndoo kuzima moto. Matope yaliyosombwa yalikuwa yametua ndani ya shimo hilo hilo, hayakwenda kokote. Kufikia saa tano mashimo ya juu yalikwishakunywa maji yote.

Upande wa pili wa njia kijana mmoja alikuwa amelima kwa matuta ya kawaida, kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe, hana mke wa kumchimbia na vibarua ni ghali. Shamba lake lilikuwa na mfereji mpya ambao mtoto angeweza kulala ndani. Alisimama pembeni na jembe begani, hasemi neno. Nilimwonea huruma, lakini kauli yake ile ya mke wa kumchimbia ilinikaa kooni.

Maana hapa lazima niseme kitu. Kufyeka kuliwachukua wanaume siku chache. Kuchimba, kupanda, kupalilia na kuvuna ni mabega ya wanawake kwa miezi. Jirani mmoja, mama wa watoto watano, alinionyesha viganja vyake akasema, "Wao wanakata siku tatu, sisi tunachimba mpaka mwezi unaandama tena." Vijana nao wanahamia mijini au wanatafuta ardhi tambarare kwenye mabonde ya chini ambako ngoro hazihitajiki. Kilimo hiki ni kizuri kuliko chochote nilichokiona, na kitakufa endapo jembe litaendelea kuwa la jinsia moja. Niliwaambia hivyo wanaume wa nyumba ile jioni, mbele ya chakula. Mume wa mwenyeji wangu hakukasirika. Alisema siku hizi wapo wanaosaidia kuchimba, naye ni mmoja wao, na kesho yake kweli alikuja na jembe.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali na maharage, kila siku, na sikuchoka. Maharage yale yanaiva haraka na mchuzi wake ni mzito kama tui. Nyumba nyingi hapo zina banda la nguruwe, na mbolea yake huenda kwenye kahawa iliyopandwa kuzunguka nyumba pamoja na migomba. Mwenyeji wangu, akijua mimi ni Mwislamu, alikuwa amenunua sufuria na mwiko vipya kwa ajili yangu, akaviweka kwenye rafu yake peke yake. Hakulisema. Nililigundua siku ya tatu nilipoona bado sufuria ina karatasi ya dukani chini.

Jioni ya siku ya nne tulikwenda kwa mzee mmoja wa ukoo. Alinieleza habari ya sengu, desturi ya zamani ambapo watu wa boma moja walikula pamoja na baada ya kula mambo ya ukoo yalizungumzwa na kuamuliwa hapo hapo. Na alinieleza ntambo, yaani kipande cha mlima kilichopakana na vijito, kutoka kileleni hadi bondeni, ambacho ukoo ulikuwa ukikimiliki kama kitu kimoja: juu msitu, katikati ngoro na nyumba, chini maji. Nikamwuliza ngoro zilitoka wapi. Akasema karne ya 19 Wangoni walipoingia nchi hii na mikuki yao, Wamatengo walikimbilia vileleni. Walijibana huko juu, watu wengi, ardhi kidogo na yote imeinama. Hawakuweza tena kuhama kila shamba likichoka, kama watu wa tambarare. Ikabidi wajifunze kulima mahali pamoja bila kupachosha. Kwamba walianza siku hiyo au walikuwa na ujuzi huo kabla, mzee hakutaka kubishana. Alichosisitiza ni kwamba hakuna aliyewaletea.

Hilo ndilo lililonirudisha kwenye kaburi la Songea. Mwaka 1938 ofisa wa Kiingereza, A. H. Pike, aliandika makala kuhusu mashimo haya ya Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilijua kwamba Waafrika hawa wanahifadhi udongo wao bila kufundishwa. Na bado serikali hiyo hiyo ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ambayo hawakuyataka, mpaka mwaka 1955 kukatokea ghasia na mpango ukavunjika. Miaka ya 1990 wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Hao walikaa, wakapima, na wakauliza wenyeji. Naona tofauti kubwa kati ya mtaalamu anayekuja na amri na yule anayekuja na daftari.

Swali langu moja lilikuwa bado. Kwa nini maharage kwanza? Chakula kikuu ni ugali, mbona mahindi yanasubiri hadi Novemba? Mwenyeji wangu alinijibu kiuguzi. Aling'oa mche wa maharage bustanini, uliopandwa mapema, akautikisa udongo. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo kama punje za ulezi. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha waridi, rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.

"Humu wanakaa bakteria," akasema, "wanachukua naitrojeni hewani na kumpa mche." Kisha akanipa mfano wa sinia la harusi. Ukizika nyasi kavu, vijidudu vya udongo ndio wageni wa kwanza kulizunguka sinia. Ili waweze kuzitafuna nyasi wanahitaji naitrojeni, na wanakomba yote iliyomo udongoni. Hindi likipandwa wakati huo ni mgeni aliyechelewa na mikono mitupu: linakuta sinia jeupe, linageuka njano. Harage ni mgeni anayekuja na kapu lake. Linakula chake huku wale wengine wakimalizana na nyasi. Ikifika Novemba nyasi zimekwisha kuoza, vijidudu vinaanza kurudisha vilichokopa, na mizizi ya maharage nayo imeacha akiba yake. Hapo ndipo hindi linakaribishwa.

Nikamweleza ile mbolea yangu iliyoondoka na mvua mbili. Wao hawaikatai mbolea ya dukani. Wanaipata kwa ruzuku ya serikali, wanaiweka kwenye mahindi na kahawa, wanaisifu. Ila akaniuliza, "Yako uliiweka kwenye nini?" Nikasema kwenye udongo. "Udongo usio na mboji haushiki kitu, dada. Umemimina uji kwenye chekecheo."

Kilomita mia saba nilizosafiri, kama kuna neno moja lililozilipa, ni hilo. Nilikuwa nimelilaumu duka, nikailaumu mvua, na huku kile ambacho kingeishika mbolea ndicho nilichokuwa nakichoma kila Oktoba.

Nilirudi Lindi siku ya saba, na maharage kilo tano, na lile sweta.

Ngoro zenyewe sikuzichimba kwetu. Shimo la Wamatengo lina kazi ya kuzuia maji yanayoteremka mlimani, na shamba langu ni bapa kama mkeka. Nilichochukua ni nyasi na utaratibu wake. Aprili mwanzoni, mvua ikiwa bado ipo, nilifyeka robo eka iliyokuwa imelala, nikazipanga nyasi kwenye mistari, nikazifukia kwa jembe pamoja na mume wangu, na juu ya matuta nikapanda kunde, kwa kuwa maharage hayapendi joto letu, na kunde nazo zina vinundu vyenye rangi ileile, nilipasua nikahakikisha. Mama yangu alikuja kutazama akasema shamba ni chafu. Mchwa walikuja pia, wakazila nyasi za tuta la mwisho nilizofukia zikiwa zimekauka mno. Nimejifunza kuzika zingali na unyevu.

Kunde tulikula majani tangu Mei, na mwezi uliofuata tukavuna madebe mawili. Oktoba majirani walipochoma, tulilima njia ya kukinga moto kuzunguka ile robo eka na kulala macho usiku mbili tukiilinda kwa matawi mabichi. Naandika haya Novemba. Nimefukua tuta moja leo asubuhi: nyasi hazionekani tena, na kuna mstari mwembamba, wa hudhurungi zaidi kuliko mweusi, ambao haukuwapo. Mahindi tutayapanda Desemba, robo eka hiyo na robo nyingine ya kuchoma iliyo jirani yake, mbegu moja, mbolea kiasi kilekile, nitapima kila moja kwa debe lake.

Nawe msomaji, ikiwa shamba lako linakukimbia kama langu, usisubiri matokeo yangu. Kafike Umatengoni ujionee mwenyewe. Basi linatoka Songea asubuhi, shuka Mbinga mjini, ulizia njia ya Litembo. Nenda Machi, na uchukue sweta.